Shajara ya mradi: kuoanisha mitungi ya hewa, vali na regyuleta za maka za peintiboli

Kuanza

Mezani nina maka tatu, yaani bunduki za kurushia vidonge vya rangi katika mchezo wa peintiboli, mitungi minne ya hewa ya presha kubwa, na chupa moja ya kaboni dioksaidi iliyokuja ndani ya sanduku hilohilo. Vitu hivi vimekusanywa kutoka kwa wachezaji tofauti, kwa hiyo hakuna kilichowahi kufungwa na mwenzake. Nia yangu ni kila maka ipate mtungi wake wa kudumu, uliolinganishwa nayo kuanzia nipeli ya kujazia hadi kwenye mtutu. Kila uamuzi nitauandikia sababu, ili atakayevirithi vyombo hivi asilazimike kukisia.

Kukisia ndiko kunakonisumbua katika mchezo huu. Mtu huuliza, "Mtungi huu unaingia kwenye maka yangu?" Akiona umeingia, basi, ameridhika. Lakini upande wa kutolea hewa, karibu kila mtungi wa peintiboli huingia kwenye karibu kila maka, maana thredi (mizunguko ya skrubu) za adapta ya ASA, ule mdomo wa maka unaopokea mtungi, ni za namna moja. Kuingia hakusemi lolote kuhusu presha iliyomo ndani, presha inayotoka, wala kama hewa inawahi kufika kabla ya mfyatuo unaofuata.

Maka zenyewe ni hizi. Ya kwanza ni ya kimakanika, inayojikoki yenyewe kwa hewa inayorudi nyuma kila inapofyatua, wala haina regyuleta yake, yaani kifaa cha kushusha na kutuliza presha; ni ya ukoo mmoja na maka iitwayo Tippmann 98. Ya pili ni ya kielektroniki, ina solenoidi (vali inayofunguliwa kwa umeme) na regyuleta yake mbele ya kifyatulio, na bolti yake, kile kipande kinachosukuma kidonge mtutuni, husukumwa mbele na nyuma kwa hewa ya presha ndogo. Ya tatu ni ya pampu: unavuta, unasukuma, unafyatua mara moja.

Mitungi: mmoja wa alumini wa 48/3000, mdogo wa alumini wa 13/3000, na miwili ya nyuzi za kaboni ya 68/4500. Nambari ya kwanza ni ujazo kwa inchi za ujazo na ya pili ni presha ya kujazia kwa psi, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Ukipenda lita na bar, 48 ni lita 0.79, 68 ni lita 1.1, 13 ni lita 0.21, psi 3000 ni bar 207 na psi 4500 ni bar 310. Mitungi ya Ulaya mara nyingi huandikwa bar 200 au 300 moja kwa moja.

Jumamosi: kusoma mihuri

Sikugusa spana. Siku nzima ilikuwa ya taa na kioo cha kukuzia.

Mtungi wa alumini wa Marekani hugongwa muhuri begani: DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani), aina ya chombo, presha yake ya kazi, nambari yake, kisha mwezi na mwaka wa kipimo cha kwanza cha maji. Ule wa 48 umeandikwa 3AL3000, yaani aina ya 3AL, presha ya kazi psi 3000, na mdogo vivyo hivyo. Mitungi ya kaboni haigongwi muhuri kwenye nyuzi. Ina karatasi iliyozikwa chini ya utomvu mgumu unaong'aa, yenye DOT-SP, au DOT-E kwa ya zamani, ikifuatiwa na nambari ya kibali. Ya Kanada hubeba herufi TC, na ya Ulaya alama ya π.

Kipimo cha maji ni hiki: mtungi hujazwa maji, husukumwa hadi presha iliyozidi ile ya kazi, na hupimwa umetanuka kiasi gani na umerudi kiasi gani. Maji hutumika kwa sababu hayagandamiziki kirahisi. Chombo kikipasuka, hakuna hewa iliyojikunja ndani ya kurusha vipande. Kwa mitungi ya namna hii chini ya utaratibu wa Marekani, kipimo hurudiwa kila miaka 5 kwa mingi yake, na kwa baadhi ya mitungi ya kaboni ya zamani kila miaka 3. Tena ile ya kaboni yenye kibali cha DOT huwa na umri wa mwisho, kwa kawaida miaka 15 tangu kutengenezwa. Wa alumini haukuwekewa umri. Unaishi maadamu unafaulu kipimo na hauna mikwaruzo mirefu wala kutu.

Matokeo: mtungi mmoja wa kaboni kipimo chake kimepita muda. Mwili wake ni mzuri na umri haujaisha, lakini haujazwi mpaka urudi kutoka kupimwa. Nimeufunga kitambaa chekundu shingoni na kuuweka rafu ya juu. Yule wa pili tarehe yake ni halali, na regyuleta yake imeandikwa psi 450. Ule wa 48 na mdogo zote zina regyuleta za psi 850.

Chupa ya kaboni dioksaidi imegongwa 3AL1800. Hiyo 1800 naomba msomaji aishike vizuri.

Jumapili: thredi za shingo

Hapa ndipo kuna suala la kufa na kupona, kwa hiyo nimekaa nalo muda mrefu.

Shingo ya mtungi wa hewa wa peintiboli kwa kipimo cha Marekani ni ya thredi za 5/8-18 UNF: kipenyo cha inchi 5/8, sawa na milimita 15.9, thredi 18 kwa kila inchi. Mitungi mingi ya Ulaya ina shingo ya M18×1.5, yaani milimita 18. Hizo mbili haziendani. Regyuleta ya 5/8 ndani ya shingo ya M18 inacheza tu, haishiki, na yeyote mwenye akili ataiona. Hatari kubwa zaidi ni ile isiyoonekana.

Shingo ya chupa ya kaboni dioksaidi ya peintiboli nayo ni ya 5/8-18 UNF. Ukitoa vali yake ya pini na kufunga regyuleta ya hewa ya psi 3000, vitaingia kama chanda na pete. Hakutakuwa na ukaidi wala dalili yoyote mkononi. Kisha utaiunganisha na mpira wa kujazia, na chupa iliyotengenezwa kwa psi 1800 itasukumiwa 3000. Diski ya usalama iliyokuwa kwenye vali ya zamani, ile ambayo ingepasuka mapema, imeondoka pamoja na vali. Iliyobaki kwenye regyuleta imepimwa kwa mtungi wenye nguvu zaidi na itanyamaza. Naandika kwa herufi nzito: chupa ya kaboni dioksaidi haifungwi regyuleta ya hewa kamwe. Chupa yangu nimeipaka mkanda wa rangi ya manjano na kuiondoa kabisa kwenye meza ya mradi.

Jambo la pili la shingo. Mtungi una thredi mahali pawili: vali kwenye shingo ya mtungi, na vali kwenye ASA ya maka. Zote mbili hufunguka kwa kuzungusha upande uleule. Vali ikiwa haijakazwa vizuri shingoni na imeshikamana sana na ASA, mchezaji anayedhani anatoa mtungi kwenye maka kumbe anaichomoa vali kwenye mtungi uliojaa. Thredi za mwisho zikiisha, mtungi unaruka. Watu wamewahi kupoteza maisha hivi, hasa kwa chupa za kaboni dioksaidi ambazo vali zake zilibadilishwa na watu wasio na ujuzi.

Kinga yake ni nyepesi na nimeifanya kwa mitungi yote: mstari mwembamba wa rangi ya kucha uliovuka kutoka kwenye mwili wa vali hadi kwenye bega la mtungi. Ukiwa unafungua, mistari hiyo lazima izunguke pamoja. Ikitengana hata milimita mbili, acha hapohapo, usiendelee kuzungusha, toa hewa yote kwanza. Kuitoa vali shingoni mwa mtungi ni kazi ya fundi mwenye kibali, na katika mradi huu sitaigusa.

Katikati ya wiki: diski za usalama

Kila regyuleta ya mtungi ina diski mbili ndogo za shaba, kila moja ndani ya skrubu yenye vitundu. Moja iko upande wa presha ya mtungi, nyingine upande wa presha inayotoka. Zimeandikwa kichwani: 5K, 7.5K, 1.8K.

Nambari hizo hazikuokotwa tu. Mtungi wa 3AL hupimwa kwa maji hadi theluthi tano za presha yake ya kazi. Theluthi tano za 3000 ni 5000, na theluthi tano za 4500 ni 7500. Kwa hiyo diski ya upande wa mtungi hupasuka isivuke presha ambayo mtungi umekwisha kuthibitika kuihimili. Ukiona diski ya 7.5K kwenye mtungi wa 3000, mtungi huo hauna kinga, hata kama haujawahi kukuonyesha shida. Niliangalia zote. Mtungi wa 48 una 5K, mdogo una 5K, wa kaboni una 7.5K. Upande wa kutolea zote zina 1.8K, ambayo ndiyo ya kawaida.

Sasa fikiria hiyo 1.8K. Regyuleta iliyoandikwa 450 ikishindwa kufunga, presha ya nje itapanda mpaka karibu 1800 kabla diski haijapasuka. Maka yenye solenoidi ndogo na oringi laini (pete za kuzibia hewa) itakuwa imepigwa zamani. Diski hii inamlinda mtu asirushiwe vipande. Kuilinda maka siyo kazi yake. Anayetaka kuilinda maka lazima aijue regyuleta yake inafanya nini hasa, na hapo ndipo geji inapohitajika.

Diski ikipasuka haibadilishwi kwa chochote kilicho karibu. Haijazwi solda, haifunikwi kwa sarafu. Inawekwa diski mpya yenye namba ileile, na kwanza unatafuta kwa nini ilipasuka.

Jumamosi: presha inayotoka

Nimetengeneza kifaa cha kupimia: adapta ya ASA yenye swichi ya kufungua na kufunga, tundu la geji ya psi 1500, na tundu la pili lililozibwa. Unafunga mtungi, unafungua taratibu, unasoma.

Kwa nini 850? Kwa sababu peintiboli ilianza na kaboni dioksaidi, na mvuke wake kwenye nyuzijoto 21 una presha ya karibu psi 850. Maka zote za kwanza zilitengenezwa kwa presha hiyo. Hewa ilipoingia, regyuleta ziliwekwa zitoe kiasi hicho ili maka za zamani zisione tofauti. Zilipokuja maka zenye presha ndogo, mitungi ya 450 na hata 300 ikafuata. Faida ya hewa juu ya kaboni dioksaidi ni kwamba haina kimiminika. Kaboni dioksaidi hupanda na kushuka presha kila joto linapobadilika, na mtungi ukiinamishwa vibaya, kimiminika huingia kwenye maka, hugandisha oringi na kuua solenoidi. Maka yangu ya pili haitaionja kamwe.

Masomo ya leo: mtungi wa 48 ulioandikwa 850 ulisoma 820 na ukatulia. Mdogo ulisoma 840, ukatulia. Mtungi wa kaboni wa 450 ulisoma 470, nikafurahi. Nilipouacha na kurudi baada ya kuandika aya mbili za shajara hii, ulikuwa 540. Baadaye 600, na bado unapanda.

Huku ndiko kupanda kwa polepole, ugonjwa wa kawaida kuliko yote ya regyuleta, na ndio unaokosewa sana kwa sababu anayesoma geji kwa haraka haoni kitu. Dalili yake uwanjani: mfyatuo wa kwanza baada ya kupumzika unatoka kwa kasi kubwa kuliko inayofuata. Ukipima kasi kwa kufyatua mfululizo, utasoma kasi halali. Ukingoja dakika tatu nyuma ya kizuizi kisha ukafyatua, kile kidonge cha kwanza kinaweza kuvuka kikomo. Viwanja vingi huweka futi 280 kwa sekunde, yaani mita 85, na 300, yaani mita 91, ndiyo mpaka wa juu unaojulikana kote. Sijali maka yangu ikirusha kwa udhaifu. Najali sana ikimpiga mtu kwa kasi ambayo hakukubaliana nayo.

Jumapili: ndani ya regyuleta

Nilitoa hewa yote, nikahakikisha geji ya mtungi iko sifuri, nikafyatua tena kwenye kifaa kuhakikisha hakuna kilichobaki, ndipo nikafungua kofia ya juu. Mwili wa regyuleta ulibaki shingoni.

Ndani kuna pistoni yenye tundu katikati, rundo la washa za springi zenye umbo la sahani, karatasi nyembamba za chuma za kurekebishia, oringi mbili, na ncha ya pistoni yenye siti ya plastiki ngumu inayoziba kitundu cha hewa kutoka mtungini. Springi huisukuma pistoni ifungue. Presha inayotoka hupita katikati ya pistoni, hukusanyika upande wake mpana na kuisukuma ifunge. Zinapolingana nguvu, kitundu kinazibwa. Unapofyatua, presha inapungua, springi inashinda, kitundu kinafunguka, hewa inaingia.

Nimepima uso mpana wa pistoni: milimita 12. Eneo lake ni milimita za mraba 113. Kwa psi 450, ambazo ni bar 31, hewa inaisukuma kwa nguvu ya niutoni 350 hivi. Kwa psi 850, bar 58 na ushei, ni karibu niutoni 660. Tofauti hiyo yote inatoka kwenye zile washa na karatasi. Kwa hiyo regyuleta ya 450 na ya 850 zinaweza kuwa mwili uleule kabisa, zikitofautiana kwa rundo la springi tu. Mpangilio wa rundo una maana: washa mbili zikilala upande mmoja, moja ndani ya nyingine, zinakuwa ngumu maradufu, zikigeuziana migongo zinakuwa laini na zenye mwendo mrefu zaidi. Nilizipiga picha kabla sijazitoa, na nilizifunga kwa waya kwa mpangilio wake. Bila hivyo ungekuwa mchezo wa bahati nasibu kuzirudisha.

Tatizo lenyewe lilionekana mara moja. Siti ilikuwa na pete iliyochimbika, na upande mmoja mkwaruzo mwembamba kama unywele uliovuka pete hiyo. Chembe ya vumbi kutoka kwenye mpira wa kujazia ingetosha kuufanya. Hewa ilikuwa inapenya kupitia huo mkwaruzo hata pistoni ikiwa imefunga. Nikabadilisha siti, nikabadilisha oringi zote, nikapaka grisi kidogo sana iliyoruhusiwa na mtengenezaji wa regyuleta, nikafunga.

Neno kuhusu grisi na mafuta. Mafuta ya injini au ya kupenyeza kutu hayaingii popote upande wa presha kubwa. Hewa inayobanwa ghafla hupata joto kali, na oksijeni iliyobanwa hivyo iko tele. Mafuta ya aina hiyo mahali hapo yanaweza kuwaka ndani ya vali. Nipeli ya kujazia haipakwi chochote. Hupanguswa kwa kitambaa kikavu na kufunikwa kifuniko chake.

Baada ya kufunga: psi 460, ikapanda hadi 465, ikasimama hapo usiku kucha.

Kuna jambo jingine ambalo pistoni hii ilinionyesha, nami sijaliona likielezwa vya kutosha. Hewa ya mtungi nayo inaisukuma siti kupitia kile kitundu, upande wa kufungua. Kitundu kikiwa na kipenyo cha milimita 2, eneo lake ni milimita za mraba 3.1. Mtungi ukiwa umejaa bar 310, nguvu hiyo ni karibu niutoni 97. Mtungi unapoisha, inatoweka. Ukizigawanya kwa eneo la pistoni, presha inayotoka inashuka kwa bar 8 hadi 9 hivi kutoka mtungi uliojaa hadi unaokaribia kuwa mtupu. Zaidi ya psi 120! Na hilo kwa regyuleta isiyo na ugonjwa wowote.

Regyuleta ambazo siti yake iko kwenye pini ya upande wa mtungi hufanya kinyume: mtungi uliojaa huisaidia pini kufunga, kwa hiyo presha inayotoka huanza chini na hupanda kadiri mtungi unavyoisha. Mtu mwenye maka isiyo na regyuleta yake lazima ajue ana ya aina gani. Ya pistoni kama yangu, pima kasi mtungi ukiwa umejaa, maana baada ya hapo itashuka. Ya pini, pima tena katikati ya mtungi. Mimi nitapima mara mbili kwa zote.

Jioni moja ya wiki: kasi ya kujaza upya

Presha iliyotulia ni nusu ya habari. Nilifunga geji kwenye mlango wa hewa wa maka ya kielektroniki na kufyatua haraka bila vidonge.

Sindano ilishuka kutoka 460 hadi 250 na ikabaki inahangaika hukohuko mpaka nilipoacha. Regyuleta ilikuwa mpya kwa ndani, kwa nini ikose hewa? Nikajaribu mtungi huohuo kwenye kifaa changu cha kupimia: ilishuka kidogo tu na kurudi papo hapo. Kwa hiyo kosa liko baina ya mtungi na geji.

Ni pini. Juu ya kila vali ya mtungi kuna pini ndogo inayobonyezwa na ASA ili hewa itoke. Urefu wa pini hutofautiana kidogo, na kina cha kibonyezi cha ASA nacho hutofautiana. Vikikutana vibaya, pini inabonyea nusu, hewa inapita kwenye upenyo mwembamba. Mtungi unafunguka, maka inafyatua, kila kitu kinaonekana sawa, ila mifyatuo ya haraka inadhoofika na vidonge vinaanza kuanguka kabla ya kufika. Wengi hulaumu regyuleta na kuibadilisha bure. Kibonyezi cha ASA hii kina skrubu ya kurekebisha. Nilikisogeza mbele robo ya mzunguko, nikajaribu tena. Sindano ilishuka hadi 390 na ikarudi mara moja kila nilipoachia.

Oringi ya mdomo wa mtungi niliibadilisha hapohapo. Saizi ni 015, kipenyo cha ndani milimita 14, unene 1.78. Napendelea ya poliyurethani ngumu kuliko ya mpira mweusi: huvumilia kufungwa na kufunguliwa chini ya presha bila kukatika ukingo.

Jumamosi: hewa inatosha kiasi gani

Kuna imani kwamba mtungi wa 450 hutoa mifyatuo mingi kuliko wa 850. Nimeifanyia hesabu.

Presha ya mtungi ikishuka chini ya kiwango cha regyuleta, pistoni hubaki wazi na hewa hupita kama ilivyo. Mtungi wa 850 ukishuka hadi 600 haufungi, unatoa 600. Maka ya kielektroniki inafanya kazi kwa presha iliyo chini ya psi 200, kwa hiyo itaendelea kunywa kutoka mtungi wowote mpaka ukaribie bar 20. Cha kuamua ni presha ya chini kabisa ambayo maka inaikubali. Namba iliyoandikwa kwenye regyuleta haiongezi hewa mtungini. Faida ya 450 kwa maka hii ni nyingine: regyuleta yake haipigwi na tofauti kubwa ya presha, hivyo inatulia vizuri na oringi zake hudumu.

Mtungi wa 68/4500 kwa kuzidisha tu, lita 1.11 mara 310, ungekuwa na lita 344 za hewa ya kawaida. Lakini hewa kwenye bar 300 haitii tena kanuni ya Boyle. Inakataa kubanwa, na pungufu ni karibu sehemu moja ya kumi. Inabaki 310 hivi. Ukitoa lita 22 zitakazobaki kwenye bar 20, inayotumika ni kama 290.

Mtungi wa 48/3000 una lita 160 kwa makadirio. Maka ya kimakanika, nilipoijaribu na presha inayoshuka, ilianza kushindwa kujikoki karibu na psi 600, ambayo ni bar 41. Inayotumika ni lita 130. Niliijaribu pia kwa mtungi wa 450: ilifyatua mara moja, nyundo haikurudi hadi kwenye ndoano, ikaanza kupiga mfululizo bila kujikoki na kupoteza hewa. Hiyo maka na mtungi huo hawatakutana tena.

Kufunga jozi

Maka ya kimakanika imepewa mtungi wa 48/3000 wa psi 850. Kwenye kronografu, kifaa cha kupimia kasi ya kidonge, nimeiweka futi 270 kwa sekunde mtungi ukiwa umejaa. Katikati ilisoma 262, karibu na mwisho 250. Mporomoko huo ni ule wa siti na kitundu, na kwa maka isiyo na regyuleta ya pili nauona ni wa haki. Mwenye kutaka mstari ulionyooka zaidi aongeze regyuleta kati ya ASA na maka, ila aiweke juu ya kile kikomo cha psi 600.

Maka ya kielektroniki imepewa wa kaboni wa 68/4500 wenye 450. Kasi yake ilitofautiana kwa futi chache tu tangu mwanzo hadi mwisho wa mtungi, na mfyatuo wa kwanza baada ya kupumzika uko sawa na mingine. Hiki ndicho kipimo nilichokingoja.

Ya pampu imepewa mtungi mdogo wa 13/3000. Haina haja ya hewa nyingi wala ya kujaza upya haraka, maana mkono wenyewe ndio unaoweka mwendo. Wepesi wake ndio unaoifaa.

Kujaza: polepole, mkono ukiwa juu ya mtungi. Ukiujaza kwa pupa hadi upate joto la nyuzijoto 60, bar 310 uliyoisoma kwenye geji itabaki 277 hivi ukipoa hadi 25, nawe utakuwa umezichosha oringi bure. Mtungi wa 3000 haujazwi kwenye mpira wenye presha ya 4500 bila mtu kushika vali na macho yakiwa kwenye geji; nipeli ni zilezile na hazitamzuia mtu.

Kila jozi nimeifunga kadi yenye presha iliyotulia, presha wakati wa kufyatua, namba za diski na tarehe ya kipimo kijacho cha maji. Kadi ya mtungi wa kitambaa chekundu bado ni tupu. Ukirudi na muhuri mpya, utaanzia kwenye geji ya psi 1500, uachwe usiku kucha kama mwenzake, na kama regyuleta yake ni ya 850 utakuwa wa akiba wa maka ya kimakanika.